Siku ya mapumziko kambini Mombasa, mvua ikinyesha: mwongozo kamili kwa msafiri wa hema

Watu wa bara tunahesabu masika kwa kalenda ya nyumbani. Kwetu Morogoro mvua kubwa ni ya Aprili, na Mei ikishaanza kuzeeka watu wanaanika godoro bila wasiwasi. Kwa hesabu hiyo mimi na mwenzangu tulipanga safari ya baiskeli katikati ya Mei: Tanga hadi mpaka wa Horohoro, tuvuke Lunga Lunga, Msambweni, Ukunda, mpaka Likoni. Tulijisifu kwamba masika tumeyakwepa. Kumbe kwa Mombasa mwezi unaoongoza kwa mvua mwaka mzima ni huo huo Mei. Kusi, ule upepo wa msimu utokao kusini, limeshashika, bahari imechafuka, na wingu likitoka baharini linakuja limebeba.

Tulipiga hema katika kambi moja upande wa Likoni. Siku iliyofuata ilikuwa ya mapumziko: kufua, kuogelea, kulala. Mvua ilianza saa 9 usiku, haikutoka hadi saa 10 jioni. Hatua zilizo hapa chini zimetokana na makosa ya siku ile, na siku nyingine za namna hiyo tulizokuja kukaa hemani baadaye tukiwa na akili kidogo zaidi.

Kabla ya hatua, shika wazo hili: ukavu ni akiba. Unaingia siku ya mvua na kiasi fulani cha ukavu mkononi: nguo hizi, shuka lile, kiberiti, pasipoti, soksi jozi moja. Kila ukitoka nje umetumia kidogo, na kila ukiingia na miguu ya matope umejiibia mwenyewe. Pwani haikurudishii haraka, kwa sababu hewa yenyewe imeloa. Shati la pamba ulilolifua asubuhi ya mvua utalikuta usiku likiwa vile vile, ila sasa linanuka.

Hatua ya 1: Kata shauri kabla ya saa 2 asubuhi

Kinachoharibu siku ya mvua ni kusitasita. Unafungasha nusu ya mizigo, mvua inakatika dakika kumi, unang'oa hema, inarudi, unalisimamisha tena. Sisi tulifanya hivyo mara mbili. Ilipofika saa 4 asubuhi, kikavu kilichobaki kilikuwa pasipoti tu.

Chungulia nje na ujiulize maswali machache. Wavuvi wametoka? Ngalawa zikiwa zimelala mchangani na wenyewe wamekaa kibandani wanacheza karata, usipate taabu ya kubashiri. Mbingu ikoje? Ukiona kijivu kitupu kutoka upeo wa bahari hadi juu ya kichwa, na kusi linavuma bila kupumua, mvua hiyo ina kikao. Ukiona mawingu meusi marefu na kati yake vipande vya buluu, hizo ni mvua za kupita, na kazi zinaweza kufanyika katikati yake. Kisha soma utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kwenye simu. Wakitangaza tahadhari ya mvua kubwa, suala la kukausha nguo liache kwanza, ulizia kama mahali ulipo panajaa maji. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilileta mafuriko pwani na hata barabara kuu ya Nairobi ilikatika, kwa hiyo tahadhari hizo si maneno ya kujaza taarifa ya habari.

Askari wa kambi yetu, mzee wa Kidigo, alitukuta tumesimama na mizigo mabegani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mwaenda wapi na mvua hii?"

Tukamwambia tunatafuta nyumba ya wageni mjini. Akageuka akaitazama bahari, hakutazama simu wala saa. "Kaeni. Hii haiondoki mpaka alasiri."

Ukishaamua kukaa, nenda ukalipe usiku mwingine hapo hapo, na hapo hapo uombe ruhusa ya kutumia banda la makuti au baraza la jikoni. Kambi nyingi za pwani zina banda la aina hiyo. Ukilipa mapema roho inatulia, na mwenye kambi anakuona mgeni wa kukaa, si mtu wa kujikinga mvua.

Hatua ya 2: Toka mara moja, fanya yote

Vaa nguo ambazo tayari zimeloa, au kaptura peke yake. Toka mara moja tu na umalize kila kitu cha nje. Ukitoka mara tano kwa mambo matano umeloa mara tano.

Tazama juu kwanza. Kama hema liko chini ya mnazi, lihamishe sasa hivi, hata kama mvua inamwagika. Kwa siku nzima hilo ndilo jambo pekee linalostahili kuhamisha hema mvuani. Nazi yenye kumbi lake ina uzito wa zaidi ya kilo moja, na kuti bichi lililoloa likianguka kutoka juu linapasua kitambaa cha hema kama karatasi. Mti wa mvinje ni afadhali, ingawa utakudondoshea matone hata saa nzima baada ya mvua kwisha.

Kisha tazama chini. Mchanga wa ufukweni unakunywa maji haraka. Ukiingia ndani kidogo kwenye udongo mwekundu, maji yanakaa juu na yanatafuta njia, na njia hiyo ikipita chini ya godoro lako utaijua usiku. Mwenye kambi akikuruhusu, chimba kijifereji chembamba upande wa juu wa mteremko, kina cha vidole vinne tu, na siku ya kuondoka ukifukie. Asiporuhusu, sogea.

Turubai la chini ndilo lililotuponza. Tulilitandika likatokeza nje kama shubiri moja kila upande, tukaona tumejipatia kibaraza cha kuvulia viatu. Maji yaliyoteremka kutoka juu ya hema yaliangukia hapo, yakakosa pa kwenda, yakaingia chini yetu. Tulilala juu ya bwawa tulilolijenga wenyewe. Turubai la chini likunje ndani kabisa, lisionekane hata kidole ukisimama nje.

Kamba nazo. Za nailoni hulegea zikiloa, kwa hiyo hema ulilolikaza jioni vizuri asubuhi linaning'inia. Kaza tena zote. Unachotaka ni kitambaa cha juu kisiguse kile cha ndani; pakigusana tu, maji hupenya. Vigingi vya kawaida havishiki mchanga mbichi. Chukua kijiti chenye urefu wa kiganja au zaidi, funga kamba katikati yake, kizike kikiwa kimelala kwa kina cha mkono hadi karibu na kiwiko, fukia, kanyaga. Mfuko wa nguo uliojazwa mchanga hufanya kazi hiyo hiyo. Kusi linavuma kwa saa nyingi mfululizo, na hilo ndilo linalong'oa vigingi, kuliko dhoruba ya dakika chache.

Ukiwa na turubai la ziada, lifunge mbele ya mlango likiwa limeinama, pembe moja chini kuliko nyingine, na chini ya pembe hiyo weka ndoo. Maji hupenda kutembea juu ya kamba hadi ndani. Funga kipande cha uzi kwenye kamba, kabla haijafika penye hema, kiache kinaning'inia. Matone yakifika hapo yanaufuata uzi na kudondoka chini.

La mwisho kabla hujaingia: fungua vitundu vya hewa vya hema, usivifunge. Asubuhi ile tulilaumu fundi aliyeshona hema kwamba linavuja. Halikuwa linavuja. Matone yakiwa yameenea sawasawa kuta zote za ndani, hayo ni pumzi na jasho lenu. Yakiwa yamejipanga mstari mmoja kwenye mshono, hapo ndipo hema linavuja, na utalishughulikia hatua ya 8.

Hatua ya 3: Gawa hema mikoa mitatu

Mkoa wa mlangoni ni wa vitu vibichi: viatu, koti la mvua, mwavuli. Mkoa wa kati ni wa vilivyoloa kidogo na watu waliovaa nguo za mchana. Mkoa wa ndani kabisa ni wa vikavu, na hakuna anayeingia huko na kitu kingine. Nguo za kulalia hazitoki nje hata kwa kwenda chooni. Usiku ukihitaji kutoka, vaa ile kaptura mbichi ya asubuhi. Inatia kinyaa, najua. Vaa tu.

Usitegemee mifuko ya rambo kufungia vitu. Wenyeji huita majuala, na Kenya iliyapiga marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, karibu miaka miwili kabla yetu sisi kufanya hivyo tarehe 1 Juni 2019. Marufuku hiyo inagusa hata ile isiyo na mishikio. Isitoshe, tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kuingia hifadhini, zikiwemo fukwe zilizo chini ya hifadhi. Tafuta mifuko maalumu ya kuzuia maji, ile inayokunjwa mdomo mara tatu na kufungwa kwa klipu. Kwa mwenye gari au pikipiki, hakuna kitu kinachoshinda ndoo ya lita 10 yenye kifuniko cha kubana. Mchana ni kabati la kiberiti, simu, karatasi na soksi, jioni ni kiti, na siku ya jua ni beseni la kufulia.

Zipu ya hema ifungwe kila mara. Mvua huwatoa tandu, jongoo na ng'e mashimoni, na wao pia wanatafuta pakavu. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Chakula kisiachwe nje: kunguru wa Mombasa hawaogopi mvua wala mtu, na upande wa Diani tumbili wanajua kufungua mfuko kuliko wewe.

Hatua ya 4: Radi

Hema si kinga ya radi. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Hesabu ikishuka chini ya sekunde 30, ondoka hemani, ondoka ufukweni na chini ya mti uliosimama peke yake, ingia kwenye nyumba ya ukuta au gari lililofungwa vioo. Rudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Hatua ya 5: Moto na chakula

Hapa nina neno kali. Jiko la mkaa, au makaa kama wasemavyo Wakenya, lisiingie hemani hata kama limeshawiva na halitoi moshi. Hewa yake yenye sumu haina harufu wala rangi, inawalaza watu usingizi na hawaamki. Jiko la gesi nalo lisiwashwe ndani. Pikeni barazani, au chini ya turubai lililo wazi pande zote. Mvua ikikosesha kabisa, nunueni chakula au leni mkate na ndizi. Hakuna anayekufa kwa kukosa chai asubuhi moja.

Barazani, tatizo ni kuni mbichi. Tulipuliza hadi macho yakawa mekundu, yule mzee akatuletea vifuu vitatu kutoka jikoni kwao. Kifuu kikishika kinawaka kwa nguvu hata siku ya mvua. Vunja vifuu vipande vidogo, anzisha na nyuzi kavu za makumbi zilizochambuliwa hadi zikawa laini kama pamba, kisha weka mkaa juu. Tangu siku ile kila nikifika pwani naomba vifuu kabla sijaomba maji.

Chakula cha siku hiyo kiwe kimoja, cha sufuria moja, kizito. Changu ni mihogo ya nazi. Kwa watu wawili au watatu: muhogo kilo 1, nazi 1 kubwa, pilipili, chumvi, ndimu. Menya muhogo, pasua, toa uzi wa katikati. Onja kipande kidogo kwa ncha ya ulimi. Ukiwa mchungu utupe, usiuhurumie. Nazi ikune kwenye mbuzi ya kuazima jikoni, kamua tui la kwanza kwa maji kikombe kimoja ya uvuguvugu, liweke pembeni. Kamua tui la pili kwa vikombe vitatu. Chemsha muhogo katika tui la pili na chumvi, sufuria imefunikwa, dakika 25 hadi 30, mpaka uvunjike kwa kijiko. Hapo mimina tui la kwanza na pilipili, funua, punguza moto, koroga taratibu bila kuacha. Moto ukizidi tui linakatika. Likishakuwa zito, epua, kamulia ndimu. Samaki wa kukaanga kutoka kwa mama jirani akipatikana, basi siku imekamilika.

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kwa dakika nzima, au yatiwe dawa ya maji. Msimu wa mafuriko visima vifupi na vyoo huonana chini ya ardhi, na kipindupindu si mgeni pwani. Wauzaji hupita na mikokoteni ya mitungi ya lita 20. Ukisema "dumu" watakuelewa, ila watajua mara moja umetoka upande gani wa mpaka.

Hatua ya 6: Tumia mvua kutoa chumvi

Hapa siku ya mvua inakulipa, na wengi hawajui. Chumvi ya bahari huvuta unyevu wa hewa. Nguo uliyoogelea nayo na kuianika bila kuisuuza haitakauka hata uianike siku mbili. Ikikauka mchana, usiku inakuwa na jasho tena. Hivyo hivyo taulo, mkanda wa begi, godoro la kupuliza na kitambaa cha hema lililosimama ufukweni. Bahati mbaya maji ya visima vingi vya pwani yenyewe yana chumvi, kwa hiyo kuoshea huko ni kubadilisha chumvi kwa chumvi.

Maji ya mvua hayana. Ile ndoo chini ya pembe ya turubai itajaa mapema kuliko unavyodhani. Mwaga maji ya kwanza, yana vumbi na majani, kisha kinga. Suuza nguo za bahari mara mbili, kamua kwa kuzungusha ndani ya taulo, tundika chini ya paa la banda penye upepo. Usitundike ndani ya hema, utakuwa umeyaingiza maji kwa mkono wako. Kikoi na kanga, au leso kwa lugha ya huku, hukauka kabla ya vingine kwa wembamba wake, na ndiyo maana watu wa pwani hawaachani navyo. Fulana nene ya pamba iache, itasubiri jua.

Pitisha maji hayo hayo kwenye zipu zote za hema na mabegi kwa mswaki wa zamani. Zikikauka, zisugue kwa mshumaa. Zipu ya pwani isiyosuuzwa huganda, na huganda usiku wa manane ukiwa na haraka.

Kisha mwaga maji yaliyobaki, pamoja na yaliyotuama kwenye vifuu na mikunjo ya turubai. Mbu wanaoeneza dengi na chikungunya hutaga katika vyombo vidogo vya namna hiyo.

Hatua ya 7: Mwili

Mbu hao wanauma mchana, tofauti na wa malaria wanaokuja usiku, kwa hiyo chandarua peke yake hakitoshi. Paka dawa ya mbu asubuhi na alasiri, vaa mikono mirefu. Mombasa ilipata mlipuko wa chikungunya mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Jina lenyewe ni letu, la Kimakonde, lenye maana ya kukunjamana, kwa jinsi viungo vinavyomkunja mgonjwa. Ugonjwa ulitambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Homa ikikupata, meza parasetamoli tu na uende kupima. Aspirini na dawa za jamii yake ziache mpaka ujue si dengi, kwa kuwa huongeza hatari ya kutoka damu.

Miguu iliyoshinda ndani ya viatu vibichi huwa myeupe, hukunjamana na kuchubuka. Vua, osha, kausha katikati ya vidole kimoja kimoja, kaa pekupeku au na ndala siku nzima. Kwa mwendesha baiskeli, mapaja vivyo hivyo: yaoshwe, yakauke, yapate hewa ndani ya kikoi. Mafuta ya nazi yapakwe ngozi ikishakauka, si kabla.

Viatu vijaze magazeti. Nunua Taifa Leo, lisome, kisha kunja kurasa zake ndani ya kiatu. Badilisha baada ya saa moja, halafu baada ya saa tatu. Usiviweke karibu na jiko, gundi ya soli itaachia.

Halafu lala. Ndiyo, iwe kazi iliyopangwa, baada ya chakula cha mchana. Sauti ya mvua juu ya hema lililokazwa vizuri ni dawa ya usingizi isiyouzwa popote.

Hatua ya 8: Matengenezo

Ukiamka, shona kilichochanika. Godoro linalotoa pumzi lijaze, upitishe kipande kwa kipande ndani ya ndoo ya maji. Penye mapovu pana tundu, weka alama kwa kalamu, kausha, kisha bandika kiraka. Mshono wa hema unaovuja usubiri mpaka ukauke. Kwa usiku huo weka kitambaa chini yake. Cheni ya baiskeli ifutwe na kupakwa mafuta leo, kwa sababu kutu ya pwani haingoji kesho. Baada ya hapo kuna bao, dhumna na keram barazani, na hapo usijaribu kucheza kwa pesa na watu wa kambi.

Hatua ya 9: Mjini, ukitaka

Mvua ikilegea na wewe huwezi kukaa, nenda kisiwani, uliko mji wenyewe wa Mombasa. Ila kumbuka hesabu ya ukavu: unakwenda na seti moja ya nguo za kulowana, ile ya ndani haiguswi. Kutoka kusini unavuka kwa feri ya Likoni, watembea kwa miguu hawalipi. Kutoka kaskazini unapita daraja la Nyali. Simu na pasipoti viwe ndani ya mfuko wa kuzuia maji, umevaliwa chini ya koti. Kwenye kivuko usikimbie: sakafu ya chuma iliyoloa imeangusha watu waliozoea kuliko wewe. Matatu na tuktuk hupandisha bei mvua ikinyesha, patana kabla ya kukaa. Usivuke kwa miguu maji ya barabarani usiyoiona sakafu yake, mitaro ya mji mara nyingine haina vifuniko.

Nenda kwanza Fort Jesus. Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Onyesha pasipoti dirishani, raia wa Afrika Mashariki hawalipi sawa na watalii wa mbali. Uwanja wa katikati uko wazi, lakini jumba la makumbusho lina paa, na humo utaona vitu vilivyotolewa chini ya bahari kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Ilikuja kuwasaidia wenzao waliozingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Miezi 33. Mwenzangu, aliyekuwa amenung'unika kuanzia alfajiri kwa sababu ya soksi, alisoma bango hilo, akanyamaza mpaka tulipotoka. Kuta na ngazi ni za jiwe la matumbawe, zinateleza, shikilia.

Kutoka hapo ni hatua chache kuingia Mji wa Kale. Vichochoro ni vyembamba na baadhi ya roshani zimetokeza juu ya njia, kwa hiyo unaweza kwenda mbali kwa kuruka kutoka kivuli hadi kivuli. Tafuta baraza lenye mwenye dele la kahawa chungu, kaa, salimia kwanza, agiza kahawa na kashata. Mvua ikizidi hakuna atakayekufukuza, utaulizwa tu umetoka wapi na mvua ya huko ikoje. Viazi karai na mahamri kwa mbaazi utavipata karibu. Kama ni Ijumaa, panga kufika kabla ya adhuhuri au baada ya saa 8 mchana, maana maduka mengi hufungwa kwa sala. Marikiti panafaa kwa tangawizi, iliki na mdalasini vya chai ya usiku. Haller Park kule Bamburi ni pazuri mno, lakini ni pa kutembea nje. Paweke siku ya jua.

Rudi mapema. Mei jua linazama baada kidogo ya saa 12 jioni, na foleni ya Likoni jioni ya mvua hujaa.

Hatua ya 10: Jioni, na asubuhi ya kuondoka

Kabla ya giza, zunguka hema tena kama ulivyofanya asubuhi: kamba, vigingi, vitundu vya hewa, mlango. Mwaga maji yaliyotuama juu ya turubai. Ukiingia, futa sakafu kwa kitambaa kuanzia ndani kwenda mlangoni, osha miguu kwenye kopo, kausha, vaa zile nguo kavu. Ndipo utakapojua kwa nini ulizilinda siku nzima. Weka tochi mahali pamoja kila usiku, mkono uijue bila macho. Ujue pia saa ya maji kujaa kama hema liko karibu na ufuko: wakati wa bamvua, yaani maji makuu, bahari ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kusi likiisukuma inafika mahali ulipoona ni pakavu mchana.

Asubuhi ya kuondoka, fungasha kila kitu ukiwa bado ndani, hema liwe la mwisho kushuka. Likung'ute, lifute kwa kitambaa, kisha kitambaa cha juu kifungwe mbali na cha ndani, maana cha ndani mara nyingi ni kikavu na kikikunjwa pamoja na kibichi vyote vinaharibika. Hema bichi lisilale limekunjwa usiku wa pili. Uvundo ukishaingia hautoki. Sisi tuliondoka na jua la saa 3. Kufika Ukunda tukalitandaza juu ya ua wa mwenye duka la chai, kwa ruhusa yake, tukaagiza chapati na maharage, na hatukuwa tumemaliza kula alipotuita: "Wageni, nyumba yenu imekauka."